Suruali ya Thelathini na Sita

"Mzani wenu huu hauna mhuri," Nusukilo alimwambia muuguzi, akashuka na kukataa katakata kupanda tena.

Mshale ulikuwa umekimbia mpaka mia na ishirini, namba zilipoishia, ukagonga chuma na kubaki hapohapo. Muuguzi alikuwa na kalamu mkononi, hajui aandike nini.

"Mhuri gani tena, baba?"

"Mhuri wa wakaguzi wa vipimo. Kila mwaka wanakuja, wanaupima mzani kwa mawe yao, ukiwa sawa wanaugonga mhuri. Huu wenu tangu utoke dukani haujaonwa na mtu. Mimi nimekaa na mizani miaka kumi na tisa, mama. Mzani usio na mhuri ni mwongo, hata ukivalishwa koti la daktari."

Waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakaangua kicheko. Muuguzi naye akacheka kidogo, akaandika "zaidi ya 120" na kumwonyesha Nusukilo mlango wa daktari. Ambaye hakucheka ni mke wa Nusukilo peke yake. Huyo watu wote humwita Fundi, na siku hiyo alikuwa ametoka kwenye cherehani moja kwa moja, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

Jina la Nusukilo lilitungwa na wapagazi wa ghala la nafaka alikokuwa karani wa mizani. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsamehe mtu nusu kilo. Gunia likipungua nusu, linarudi lilikotoka. Likizidi nusu, linafunguliwa na kupunguzwa mbele ya mwenyewe. Alikuwa na uwezo wa kutazama gunia likiwa bado mgongoni mwa mpagazi akataja uzito wake, na mara nyingi hakukosea. Matajiri walimchukia na wakulima walimwombea dua. Ungemtafuta mtu wa haki katika mji ule, ungeelekezwa kwake.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, angeweza kuwa mtoto wao. Alifungua kitambaa alichojifunga Nusukilo kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, na harufu ikajaa chumba. Kiatu kilikuwa kimemchubua wiki tatu zilizopita, na yeye hakusikia maumivu yoyote. Ngozi pembeni ya kidonda ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Sukari, walipoipima, ilikuwa kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa.

"Mzee, mwili umeongezeka miaka hii ya karibuni?"

"Hata kidogo."

"Nguo je? Hazikubani?"

Hapo Nusukilo alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilolisomea. Akafungua koti, akakunja kiuno cha suruali yake ya kijivu ya kazini, akamwonyesha daktari kitambulisho cheupe cha saizi kilichoshonwa kwa ndani. "Soma mwenyewe. Thelathini na sita. Nilioa nikiwa thelathini na sita na leo ni thelathini na sita. Fundi wangu ni mke wangu huyu hapa, muulize."

Daktari akamgeukia mkewe.

"Ndiyo," alisema Fundi. "Ni thelathini na sita."

Alilisema akitazama sakafu. Kitambulisho kile alikuwa amekihamisha kwa mkono wake kutoka suruali hadi suruali, miaka sita sasa. Kila ghala lilipotoa kitambaa cha sare, alishona suruali pana kuliko ya mwaka uliopita, kisha akafumua kile kitambulisho kutoka kwenye suruali kuukuu na kukishona kwenye mpya. Na katikati ya mwaka suruali ilipoanza kukaza, aliifumua kwa nyuma, chini ya mkanda, akaongeza kipande. Mume hawezi kuona mgongo wake mwenyewe, na koti la kazi lilifunika mengine.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Miaka sita nyuma, kwenye harusi ya jirani, Nusukilo aliinama kumwokota mtoto aliyeanguka, na suruali ikapasuka kuanzia juu hadi chini mbele ya umati. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Alirudi nyumbani, akajifungia siku tatu, na siku hizo tatu hakufanya lingine ila kula. Fundi alimpelekea sahani mlangoni na kuzichukua zikiwa tupu. Siku ya nne aliapa moyoni kwamba maadamu yeye yu hai na sindano anayo, mume wake hataaibika tena kwa sababu ya nguo.

"Nisikilizeni wote wawili," daktari alisema, akiwa ameiweka kalamu chini. "Nakupa dawa na wiki mbili. Mkate, sukari, soda, viazi vya kukaanga, biskuti, vyote acha. Kidonda kikianza kufunga na sukari ikishuka, tutashukuru. Isiposhuka, kidole hicho tunakikata. Na kidole hakikatwi peke yake, mzee. Mara nyingi kinawaita wenzake, mpaka unafika mguu."

Njiani Nusukilo alitembea polepole, akichechemea. "Daktari mzuri yule, ila mtoto," alisema. "Sukari huenda ni ya ukoo. Lakini eti nimenenepa! Ningekuwa nimenenepa si suruali ingesema?"

Fundi alifungua mdomo. Neno lilifika kwenye ulimi kabisa. "Angalia shimo hilo mbele yako," akasema.

 

Habari za mgonjwa hazina miguu lakini zinakimbia. Kesho yake dada yake Nusukilo aliingia bila hodi, na mikononi ana keki nzima na chupa mbili za soda.

"Wifi, kaka yangu umemfanya nini? Nasikia unamlisha majani."

"Ni amri ya daktari, wifi. Ni maharage, mboga na samaki. Si majani."

"Amri ya daktari! Mwanamume akiwa na mwili, watu wanajua nyumbani kwake kuna mke. Akikonda, wataniuliza mimi ndugu yake: kulikoni, au pale chakula kimekuwa cha kupimiwa?" Alikaa kitako akakata keki bila kuuliza. "Kaka, njoo. Kipande kimoja hakijamuua mtu."

Nusukilo alikuwa amekaa pembeni, mguu juu ya kigoda. Hakuitazama keki. Aliutazama ukuta, lakini koo lake lilipanda na kushuka kama la mtu anayemeza, na jasho lilimtoka kwenye paji la uso ingawa dirisha lilikuwa wazi. Fundi alimwona. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mumewe hakuwa akitamani keki ile jinsi watu wanavyotamani kitu kitamu. Alikuwa akiiogopa.

"Sitaki, dada," alisema.

"Kipande kidogo tu."

"Nimesema sitaki!"

Sauti ilikuwa kali hata dada mtu akaweka kisu chini. Aliondoka baada ya muda mfupi, amenuna, keki ameiacha mezani kwa makusudi. Fundi aliichukua akaipeleka kwa majirani wenye watoto wengi. Alipopita mlangoni nayo, mumewe aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa ngumu. Alilalamika kichwa. Aligombana na redio, akagombana na paka wa jirani, akamwambia Fundi kwamba cherehani yake inapiga kelele kuliko zamani. Kisha siku ya nne akatulia. Akawa mcheshi, akala maharage yake akasifu, akaomba mboga zaidi. Fundi alishukuru Mungu. Akahadithia dukani kwa fahari kwamba mume wake akisema ameacha, ameacha.

Siku ya tisa asubuhi, Nusukilo alikuwa akivaa. "Fundi, hii suruali imesinyaa kwa maji, au nini? Inanibana hapa."

"Ilete."

Aliipokea, akaigeuza, na kabla hajafikiri lolote mkono ulikuwa umekwisha shika kikata nyuzi. Ulifumua nyuzi nane, ukavuta ukingo wa mwisho uliobaki kwenye mshono, ukapitisha cherehani mara moja. Nusu inchi. Mumewe hakuwa hata amemaliza kufunga vifungo vya shati.

"Sasa?"

"Sawasawa. Kumbe ilikuwa maji tu."

Alipokwisha kutoka, Fundi alibaki amekaa mbele ya cherehani na kikata nyuzi mkononi. Suruali ile haikuwa imefuliwa wiki ile. Mtu anayekula maharage na mboga kwa siku tisa, suruali yake haibani, hulegea. Akajiuliza anakula nini na anakulia wapi. Kisha likaja swali jingine, lililomchoma zaidi: kama amejua hivyo kwa kushika kitambaa tu, kwa nini mkono wake umeifungua suruali tena? Alikasirika nao kama si wake.

 

Saa sita mchana alijitanda mtandio, akachukua chakula kwenye bakuli, akaenda ghalani. Hakuwa na desturi ya kwenda huko. Wapagazi walikuwa nje wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wakila, na mkubwa wao akamsalimu kwa heshima.

"Shikamoo, mama. Karani yumo ndani. Saa za chakula hataki mtu amsumbue, anasafisha mawe yake ya mizani."

"Marahaba. Kila siku anayasafisha?"

"Kila siku, mama. Yule mtu na mawe yake!"

Ndani kulikuwa na giza na vumbi la nafaka. Nyuma ya safu ya magunia, karibu na mzani mkubwa wa chuma, Nusukilo alikuwa amepiga magoti, mgongo ameuelekeza mlangoni. Sanduku la mbao la mawe ya mizani lilikuwa wazi mbele yake. Mawe yalikuwa sakafuni. Ndani ya sanduku kulikuwa na mikate miwili, mmoja umebaki nusu, pakiti za biskuti, na mfuko wa sukari uliofunguliwa. Alikuwa akichovya mkate kwenye sukari kavu na kula haraka haraka, bila kutafuna vizuri. Na alikuwa akilia. Machozi yalikuwa yakitiririka na mkono haukusimama.

"Baba," Fundi aliita kwa sauti ndogo.

Aligeuka. Sukari ilikuwa imeganda midomoni na kwenye sharubu. Kisha Nusukilo, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akajifuta kwa mkono wa koti kama mtoto.

"Ulianza lini?"

"Siku ya nne." Akakaa sakafuni, mguu wenye kidonda ameunyoosha. "Si njaa, Fundi. Njaa naijua, nimekua nayo. Njaa ukila inaondoka. Hii ukila inaongezeka. Asubuhi nikitoka nyumbani naapa: leo hapana. Nikifika dukani nauona mkono unatoa pesa. Nauona kabisa, kama mkono wa mtu mwingine, na mimi nimesimama pembeni. Nikimaliza najichukia. Nikijichukia nataka tena."

Fundi alikaa kwenye gunia. Alitaka kumgombeza. Maneno ya kugombeza alikuwa ameyapanga njia nzima, tangu nyumbani. Lakini alikumbuka asubuhi ile, na mkono wake mwenyewe.

"Na kidole?"

"Kidole kitapona. Wasitutishe. Sukari iko juu, sawa, lakini mwili wangu ni uleule." Akapiga kiuno kwa kiganja. Hata katika hali ile, fahari kidogo ilimrudia. "Thelathini na sita, Fundi. Hicho ndicho kinachonipa moyo. Najiambia, ingekuwa nimeharibika kweli, nguo ingeniambia."

Hapo ndipo Fundi alipojua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpa ruhusa. Kila mkate uliofichwa kwenye lile sanduku ulikuwa umeliwa kwa dhamana ya kitambulisho chake cheupe. Akikaa kimya leo, kidole kitakatwa, na baada ya kidole, mguu. Akipasua siri, atampasulia mumewe suruali kwa mara ya pili, na safari hii mpasuaji ni yeye. Akapiga moyo konde.

"Simama," akasema. "Vua koti."

"Kuna nini?"

"Vua koti, Baba. Nigeuzie mgongo."

Alitoa kikata nyuzi kwenye mkoba wake, akalegeza mkanda wa mumewe, akafumua. Nusukilo alisikia nyuzi zikikatika moja moja. Fundi akampa mkononi kipande cha kwanza: kijivu, chenye umbo la kabari, kipana juu na chembamba chini. Akampa cha pili, kijivu pia lakini kilichopauka, cha sare ya mwaka wa nyuma. Cha tatu kilikuwa cheusi, cha bitana ya sketi yake mwenyewe, maana kitambaa cha kijivu kilikuwa kimemwishia.

"Hivi ni nini?"

"Ni wewe," alisema Fundi. "Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiongeza. Kitambulisho nilikuwa nakihamisha tu. Kiuno chako ni inchi arobaini na saba. Kimekuwa hivyo kwa muda, na leo asubuhi nimeongeza tena nusu."

Nusukilo alivitazama vile vipande kiganjani. Alivipanga kimoja kando ya kingine juu ya kifuniko cha sanduku, kama mtu anayehakiki mzigo wenye mashaka. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Miaka mingapi?"

"Sita. Tangu ile harusi."

"Miaka sita." Sauti yake ilitetemeka. "Nimewafukuza watu kazini kwa sababu ya kuchezea mzani siku moja. Siku moja! Na wewe miaka sita umenichezea mizani ndani ya nyumba yangu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nikadhani ni msemo tu. Mbele ya daktari, Fundi! Nimemwonyesha daktari kiuno changu kama mpumbavu, na wewe ukaitika ndiyo!"

"Nilitaka usiaibike."

"Na sasa je? Sijaaibika?"

Fundi alilia, na hakujificha. "Nilikuona mara moja ukichekwa," alisema mwishowe. "Sikuweza kukuona mara ya pili. Nikaona bora nikudanganye. Nilikosea, Baba. Nimekukosea sana."

Alingoja afukuzwe. Nusukilo alisimama, ameshika suruali kwa mkono mmoja isimwanguke, shati jeupe limetokeza mgongoni pale mshono ulipofunguliwa. Kisha akageuza kichwa, akautazama mzani wake. Alitazama kwa muda mrefu. Akavua kiatu cha mguu mzima, akavua na kandambili ya mguu mgonjwa, akakanyaga kile kibao cha chuma ambacho kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepandishia magunia tu. Kibao kikalia.

"Njoo huku mbele," akasema. "Mimi sioni. Tumbo linaniziba."

Fundi akaenda mbele ya mzani.

"Kwanza tazama mhuri. Upo?"

"Upo."

"Wa mwaka gani?"

"Wa mwaka huu."

"Basi hatuna pa kukimbilia. Chukua hapo chini jiwe lililoandikwa mia, litundike kule mwisho. Taratibu. Sasa kile kichuma kidogo kilicho juu ya mkono wa mzani, kisukume. Mkono ukielea katikati, haugusi juu wala chini, uache."

Mlangoni mkubwa wa wapagazi akachungulia. "Karani, saa imefika. Tuanze kubeba?"

"Subirini nje," Nusukilo alijibu bila kugeuka. "Kuna mzigo juu ya mzani."

Mpagazi alimwona karani wake amesimama juu ya chuma, peku, mshono wa suruali wazi. Akainamisha macho na kurudi nje, na nje hakuna aliyesikika akicheka.

Fundi alisukuma kile kichuma. Ishirini, mkono bado umelala. Thelathini. Arobaini, ukaanza kujinyanyua. Vidole vilikuwa vimemlowa jasho. Akapita arobaini na mbili kidogo, na mkono ukaelea, ukatikisika, ukatulia. Aliiona namba. Na palepale, bila kuitwa, ikamjia nyingine: mia na ishirini. Ile ya hospitalini. Ilikuwa imeshasemwa, isingemuumiza upya, na mumewe haoni. Ulimi ulikuwa umekwisha ielekea, kama mkono ulivyoielekea suruali asubuhi.

"Soma," alisema Nusukilo.

"Mia na arobaini na mbili."

"Kamili?"

"Na nusu."

"Na nusu," Nusukilo alirudia. Alifumba macho. Mabega yake yalishuka, na Fundi hakujua kama ni kwa huzuni au kwa kuchoka. Zilikuwa zimebaki siku tano warudi kwa daktari. Siku tano huenda zisitoshe kuokoa kidole, na wote wawili walilijua hilo.

"Fundi."

"Abee."

"Lile sanduku. Toa vyote vilivyomo. Mikate, biskuti, ule mfuko. Toka navyo sasa hivi, mimi nikiwa huku juu. Nikishuka vikiwepo, nitavila. Nakwambia ukweli, nitavila hata baada ya haya."

Fundi akapiga magoti, akavifunga vyote kwenye mtandio wake, akakung'uta na chembe za sukari zilizobaki kwenye mbao. Alipofika mlangoni akageuka. Mumewe hakuwa amesogea. Alikuwa bado juu ya mzani, amempa mgongo, mkono mmoja umeshika suruali na mwingine umekamata nguzo ya chuma kwa nguvu, mishipa imemtoka.

"Navipeleka kwa..."

"Usiniambie," alisema Nusukilo. "Usiniambie unavipeleka wapi."